Mstari wa Sabato kwenye Blanketi la Edinah

Kila asubuhi, kabla ya kugusa uzi, Edinah Kemuma husugua vidole vyake kwa jiwe la kusugulia visigino. Ngozi yenye magamba hunasa uzi, na uzi ukinaswa hukatika. Visigino vyenyewe havijawahi kupata bahati hiyo.

Hufumia nyuma ya nyumba yake mjini Migori. Pamba hutoka upande wa Homa Bay. Yeye huitoa mbegu, huisokota, kisha huchovya nyuzi katika uji wa muhogo ili zikaze. Mwaka jana mbuzi wa jirani alikula nyuzi za blanketi zima zikiwa zimeanikwa. Siku hizi Edinah huanika akiwa na fimbo.

Risper alitumwa kwake na hoteli moja ya Homa Bay iliyomwajiri mwezi uliotangulia. Meneja, Tony, alitaka blanketi kumi, na Risper alikuja kukagua la kwanza. Wateja wengine wa Edinah mwaka huo walikuwa wawili, na mmoja wao ni dada yake.

Risper alilitandaza. Katikati palikuwa na mstari mwembamba uliokata upana wote.

"Mama, hapa pana kasoro."

"Hapo pana Sabato."

Blanketi moja humchukua siku nane. Ijumaa, kabla jua halijatua, hulegeza nyuzi zilizotandwa ili zisichoke. Jumapili huzikaza tena, lakini hazirudi kabisa zilivyokuwa, na mstari hubaki hapo.

Risper alimpigia Tony simu. Tony alisema la mstari asilibebe. Kule mpakani Isebania mablanketi ya mashine yamejaa, na hayana mistari.

"Bosi anataka lisilo na mstari," Risper alisema, macho chini.

"Amwombe Mungu aongeze siku kwenye wiki."

"Basi ufume fupi, la siku sita."

"Kwani wageni wenu hawana miguu?"

"Mimi ni Mkatoliki, mama. Jumamosi naweza kukufumia."

"Amri inasema hata mgeni aliye ndani ya malango yako. Na wewe umeingilia lango lile la mabati, nimekuona." Edinah alisogea kwenye benchi. "Lakini leo ni Alhamisi. Kaa ufume."

Risper alifuma saa nzima kwenye blanketi la pili. Alipata upana wa vidole vinne, umepinda, na akakata nyuzi saba. Edinah aliufumua wote, akaunga uzi mmoja mmoja. Ikamchukua saa mbili.

Jioni, nyumbani kwa shangazi yake hapo Migori, Risper alimwandikia Tony ujumbe mrefu kuliko wowote aliowahi kumwandikia mkubwa wake. Alieleza juu ya mbegu, uji na nyuzi saba. Alisema kwamba blanketi hilo limetengenezwa na mikono ya mtu, na mikono hiyo hupumzika siku moja kwa wiki. Kisa cha mbuzi alikiacha.

Tony hakujibu Ijumaa, wala Jumamosi. Jumapili, Risper akitoka misa, jibu liliingia: "Leta. Yote kumi, na mistari yake."

Alimkuta Edinah akikaza nyuzi, akamsomea.

"Sawa," Edinah alisema.

"Mama, na kama wangekataa, leo ungefanya nini?"

"Ningefuma. Leo ni Jumapili."