Mbuzi Wanne wa Mama

Harufu ya mbuzi waliolowa mvua hunirudisha Bwera, kwenye ua wetu uliokuwa juu ya barabara ya mpakani, ambako kila jioni Mama aliita, "Mbambu, Masika, Ithungu, Biira!" Aliwaita kwa mpangilio huohuo siku zote, ingawa mbuzi wenyewe, wakaidi kama mimi, waliingia walivyotaka. Mmoja akifa, mwanawe alirithi jina. Sisi Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili, Mbambu wa nne, Ithungu wa tano. Nami ndiye Masika wa nyumba ile, na nilichukia sana kuitwa pamoja na mbuzi.

Kumbe wito ule ulikuwa namba ya siri ya simu yake, alimoweka akiba yetu yote. Mama aliuza maharage sokoni, hakujua kuandika, na aliogopa kusahau. Alijiona mjanja, mpaka jirani yetu Mama Kule, Mkonzo mwenzetu, alipomtania: "Mbuzi yako iko na namba. Ine, moja, tano, mbili. Unafunga nini nayo?" Mama alicheka. Kumficha Mkonzo kitu ndani ya majina yetu ni kufunga mlango na kuuacha ufunguo nje.

Kesho yake alibadilisha namba, ila mbuzi walibaki na majina yaleyale. Nilipomuuliza sababu, aliendelea kupeta maharage huku akinieleza kwamba zamani, akiishi Kahendero, alizaa binti aliyekufa kabla ya kupewa jina. Bwera hapakuwa na aliyejua.

"Wewe uko wa pili," alisema. "Kila mbuzi, ongeza moja. Hiyo moja ni ya dada yako."

Nilimlilia dada, na nikaulilia pia uzaliwa wangu wa kwanza.

Mwaka uliofuata Mama alilazwa Kasese, homa imemkata kauli, na dawa zilipaswa kununuliwa. Nilishika simu yake, nikawaita mbuzi moyoni, nikaongeza moja kwa kila mmoja. Ikafunguka. Mama alipona, akaishi miaka mingine ya kunigombeza.

Siku hizi simu yangu hudai nywila ndefu zenye alama za ajabu, nami huzisahau kabla ya juma kwisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sasa kata nimebaki peke yangu: Mama amefariki, mbuzi waliuzwa, laini ile ilifungwa, ndiyo maana naweza kuyasema haya. Lakini mtu akiniuliza mimi ni wa ngapi kwetu, bado najibu kwamba ni wa kwanza, kisha moyoni naongeza moja.