Rafu ya Chini

Cheti changu cha ukutubi kilikuwa bado kipya, hata plastiki sijaitoa, nilipoitwa intavyu katika shule moja ya msingi Kisumu, kule juu mlimani. Walitaka mtu wa kuwafungulia maktaba. Nilikuwa nikiiota kazi hiyo tangu darasa la nne, na mama alijua. Asubuhi hiyo alinipakia viatu rangi mwenyewe, akaniambia, "Enda uongee polepole. Wewe ukifurahi unakimbia kama pikipiki."

Tulikuwa watatu. Wenzangu walikuwa na diploma na suti. Mimi nilikuwa na cheti, na sketi ya dada yangu ambayo kila nikiinuka ilitaka kubaki kwenye kiti.

Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kwaya, alimpa kila mmoja kabati tupu na katoni la vitabu. "Pangeni vile mlivyofundishwa."

Jamani, nilipanga! Hadithi huku, sayansi kule, namba za migongoni zikifuatana kama watoto wa paredi. Nikarudi nyuma kidogo nijivunie.

Mwalimu mkuu akaja, akainama. "Na hii rafu ya chini, mbona tupu?"

Wallahi sikuwa nimeiona. Nikatazama makabati ya wenzangu: yamejaa hadi sakafuni.

"Madam, kwetu Ahero chini hatuweki kitu," nikasema. "Mto ukifurika, chini ni kwa maji. Hata magodoro tunapandisha juu ya meza."

Mwalimu mmoja aliyekaa dirishani akacheka mpaka akavua miwani. "Nyar Ahero, binti wa Ahero wewe! Huku mlimani maji yatapanda na ngazi?"

Nikacheka pia. Kazi ilikuwa inaniponyoka nikiiona. Nikajiuliza: kwani nani hufikia rafu ya chini? Si mtu mzima. Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikateremsha vitabu vyote vya picha, nikavisimamisha pale chini majalada yakitazama mbele, ili hata asiyejua kusoma achague kwa macho.

Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wa gredi ya kwanza, waliokuwa wakichungulia mlangoni, wakaingia bila kuuliza mtu. Msichana mmoja akaniwekea kitabu cha kiboko mapajani.

"Ticha, soma."

Ticha! Mimi! Nikasoma. Kiboko alipofungua mdomo wakapiga mayowe, wakanibana kila upande, nami nikasahau kabisa intavyu. Nilipokumbuka, nikaanza kuinuka haraka, sketi mkononi.

"Kaa, kaa," mwalimu mkuu akasema. "Ukimaliza hicho, uje ofisini tuongee mambo ya Jumatatu."

"Jumatatu kuna nini, Madam?"

"Si kazi? Ama hutaki?"

Machozi yakanitoka palepale, mbele ya gredi ya kwanza nzima. Yule msichana akanivuta mkono.

"Ticha, na kiboko akaenda wapi?"

"Ngoja kidogo, mama," nikamwambia. "Ticha anafurahi."