Kaseti ya Baba Mkwe

Ndugu zangu, kuchagua mashine ya gemu si jambo gumu, na siku ile sokoni Dodoma nililieleza kwa kila aliyenisikiliza. Mashine ya baba mkwe wangu, Mzee Ramadhani, ilikuwa imekufa. Alikuja kutoka Kondoa na kaseti yake moja ya zamani, nami nikamwahidi mke wangu kwamba baba yake hatarudi bila mashine ya kuichezea.

Maduka mawili ya kwanza, kaseti haikuingia. La tatu nikasema, "Hapa siondoki." Nikamwambia muuzaji, "Tunataka inayocheza kaseti za zamani. Iwashe tuone."

Akaiwasha. Vifaru vikatokea kwenye runinga, vikaanza kurushiana mabomu.

"Mnaona?" Niliwageukia wateja wawili waliokuwa wakisitasita. "Msidanganywe na rangi. Njooni na kaseti yenu, muijaribu hapa hapa kama sisi. Usiogope, dada, shika." Nikawafundisha kwa upole mpaka wote wawili wakanunua.

Mzee akakohoa nyuma yangu. "Mkwe, mimi mchezo wangu ni wa pikipiki. Hivyo vifaru vya nani?"

"Vya mashine yenyewe, mzee," muuzaji akajibu. "Vimo humo humo ndani."

Nikageuka. Kaseti ilikuwa bado mkononi mwa mzee, ndani ya leso yake.

"Haya, mwalimu," akasema yule dada, boksi kwapani. "Iingize tuone."

Nikaipuliza vumbi, nikaisukuma. Haikuingia hata nusu.