Kengele Ambayo Mama Shemasi Hakuisikia

Mama shemasi anayepika kanisani kwetu Daegu, Korea, hugonga upawa kwenye sufuria kila akikereka, na hukereka kutwa. Wazee wa kanisa walipomtoa Dong-ha kwenye kwaya kwa kumpenda mvulana mwenzake, kijana akawa anakula kasimama mlangoni, eti hastahili meza ya watu wa Mungu.

Mama akagonga upawa: “Kaa, mtoto wewe, usinichoshe. Supu inapoa.”

Jumapili tuliomba kama kawaida, wote kwa sauti, kila mtu na lake, mpaka mchungaji agonge kengele. Akagonga, tukanyamaza. Mama, macho kayafumba, akaendelea:

“...na Dong-ha usimbadilishe, Baba, umemuumba vizuri. Nakwambia kila wiki. Badilisha hawa wazee wa mbele.”

Kutoka mlangoni, sauti moja iliyotolewa kwenye kwaya ikaitikia amina.