Pikipiki ya Kasiano Yavaa Tena

Kwa miaka tisa pikipiki ya Kasiano ilikuwa imesambaa nyumba nzima kule Gashoho, na kila kipande kilikuwa kimejipatia kazi. Injini na magurudumu yalilala chumba cha nyuma chini ya magunia. Siti ilikuwa sebuleni juu ya matofali manne, na hata katekista akija kuwatembelea aliikalia hiyo. Kava la ubavu wa kulia lilikuwa la kuchotea majivu jikoni. Madigadi ya mbele ilikuwa imetekwa na kuku mwekundu, aliyeangulia vifaranga humo mara nne. Tangi la mafuta peke yake ndilo lililoheshimiwa: lilivishwa kitenge kikuukuu, likawekwa juu ya kabati.

Usimdhanie Kasiano kuwa mvivu. Shamba lake la maharage wapita njia husimama kulitazama. Ugonjwa wake ni mmoja tu: anataka kila kitu kiwe kamili, na mtu wa namna hiyo ana kesho nyingi kuliko leo. Aliifungua pikipiki Jumamosi moja ili aipake rangi upya. Rangi ya kwanza hakuipenda. Ya pili ilikosekana dukani. Ikaja mvua, akaja mtoto wao Raissa, kisha mafuta yakaadimika nchi nzima, wenye pikipiki nzima wakawa wanazisukuma barabarani. Hapo Kasiano akapata sababu nzuri kuliko zote, akaitumia mpaka ikachakaa.

Kilichomkera mkewe Anisia hakikuwa kuku wala siti. Ilikuwa ile ahadi. Wawili hawa walikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na waliporudi Burundi, kina Kasiano walipata ardhi yao Gashoho, upande wa Muyinga, naye Christina, mama yake Anisia, akarudi kwao Itaba, upande wa Gitega. Siku ya harusi Christina alimshika mkwewe mkono mbele ya watu, akamwambia, "Mwanangu unanipelekea mbali." Kasiano, mwenye pikipiki mpya na kichwa kilichopanda kwa bia ya ndizi, akajibu, "Mama, kila mavuno ya maharage nitamleta kwa pikipiki hii." Alimpeleka mara mbili. Baada ya hapo Anisia alikwenda kwa gari la abiria alipoweza, na miaka mingine hakwenda kabisa.

Mwaka wa tisa, mwezi wa sita, Christina alipiga simu. Anisia alisikiliza, akaitikia, akakata, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Raissa, mama anasema magoti yamekataa. Sokoni hafiki tena. Anasema hana muda wa kusubiri rangi. Anataka aisikie ile pikipiki ikipanda kilima chake angali anasikia."

Kasiano alifungua mdomo.

"Jumapili," alisema Anisia, akaenda kumtoa kuku kwenye madigadi.

Kasiano aliona aibu, na aibu ikamfanyia kazi ambayo miaka tisa ilishindwa. Siku hiyohiyo alipakia tangi, madigadi na kava kwenye baiskeli, akaenda nazo Muyinga mjini kwa Fiston. Fiston ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, muuza vipuri na mpaka rangi, mtu anayeongea na pikipiki kabla ya kumsalimia mwenyewe. Alivipaka vyote buluu ya kung'aa, na Ijumaa akavileta mwenyewe Gashoho, maana alitaka kuona kwa macho yake mzoga uliosubiri nguo miaka tisa.

"Papa Kasiano," alisema akiinama juu ya injini, "moteur iko bien kabisa. Haina maladi, haina ugonjwa. Ni manguo tu ndiyo ilikuwa inakosa."

Wakaanza, na siku ilikuwa tamu. Tangi lilikaa mahali pake kwa mlio mdogo, na Kasiano akacheka peke yake. Siti ilitoka sebuleni, ikafutwa vumbi na kurudi ilikotoka. Taa ilivaa uso wake. Anisia alileta viazi vitamu na chai, akasimama akitazama, na ingawa uso aliukaza, mguu wake mmoja ulikuwa unacheza. Madigadi ya mbele ilipowekwa kwenye uma wake, kuku mwekundu alikuja, akaizunguka, akalalamika kwa sauti. Fiston alicheka mpaka akakaa chini.

"Bon," alisema akijifuta machozi. "Sasa tukaze. Boulon iko wapi?"

Kasiano alimtazama mkewe. Siku ile ya kufungua alimkabidhi Anisia bolti tisa ndefu, zenye shingo nene, zinazoshika madigadi na kava, akamwambia azitunze.

"Nilizitunza," alisema Anisia kwa kiburi. Kwao kitu usichotaka kipotee hukiweki kabatini, maana kabati kila mkono unaingia. Unakizika kwenye chungu cha mbegu. Maharage ya mbegu huchanganywa na majivu yasiliwe na fukusi, na hakuna anayeyagusa mpaka siku ya kupanda. "Nilizitia majivuni pamoja na mbegu, zisipate kutu. Zimo kwenye chungu cha..."

Hakumaliza. Chungu hicho alikuwa amekimimina na kukijaza upya kila msimu kwa miaka tisa.

Akakaa kwenye kizingiti, mkono mdomoni. "Yoo! Ule mwaka wa mvua ya mawe! Mama hakubaki na mbegu hata moja, nikammiminia chungu chote kwenye gunia. Na bolti zako ndani."

Kasiano alijaribu kukasirika, akashindwa. Kwa miaka tisa kila kosa la pikipiki ile lilikuwa lake, na sasa, kwa mara ya kwanza, lilikuwa la mtu mwingine. Alisikia raha iliyomtia hata haya.

"Mama Raissa," alisema polepole, akilionja kila neno, "ulipanda bolti zangu Itaba."

"Labda zimeota," alisema Anisia, na hapo uso ukamshinda, akaangua kicheko.

Fiston alimwaga mfuko wake wote wa bolti chini, akazijaribu moja moja. "Ya sasa iko mufupi, haifike. Hii piki ni ya zamani, boulon yake mi sina. Nitatafuta hata kule mpakani Kobero. We ungoje wiki moja, mbili hivi."

Wiki moja, mbili. Kasiano aliyasikia maneno hayo, na ule ugonjwa wake ukanyanyua kichwa. Je, angoje ikamilike, ama afike kwa mkwe na pikipiki iliyofungwafungwa? Aligeuka aseme jambo, akakuta Anisia amekwisha kusimama.

"Ukiahirisha, mimi napanda gari peke yangu, na madigadi namrudishia kuku."

Basi wakafunga kwa mipira. Fiston alichana mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mikanda ileile inayofunga makaa na ndizi kwenye baiskeli za nchi nzima, akavuta, akakaza, akapiga mafundo. Kasiano alitazama buluu yake inayong'aa ikifungwa mithili ya gunia la makaa, roho ikamuuma.

Jumapili asubuhi waliondoka na mafuta ambayo Kasiano aliyapangia foleni siku mbili. Pikipiki ilikohoa mara moja, ikashika. Anisia alikaa nyuma amejifunga kitenge kipya, gunia la maharage mapya mapajani, na kabla hawajafika Karuzi alikuwa anaimba nyimbo za kwaya sikioni mwa mumewe. Kasiano alikuwa na furaha hata akaogopa kuongeza mwendo isije ikaisha mapema.

Kilima cha Itaba walikipanda adhuhuri. Christina alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka. Aliusikia mlio toka bondeni, akashika fimbo, akasimama mwenyewe kwa magoti yale yaliyokataa, na walipozima injini alikuwa anapiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu. Kisha akaigeukia pikipiki, akaipapasa tangi, siti, kava, mpaka vidole vikafika kwenye mafundo ya mpira.

"Mkwe wangu, hii mbona umeifunga kama mbuzi wa mnada?"

Kasiano aliinamisha kichwa. Anisia akaungama yeye, habari yote, chungu na majivu na gunia. Mama yake alisikiliza, macho yakimtoka kidogo kidogo, kisha akaingia ndani. Alirudi na chungu, akatia mkono hadi kiwiko kwenye maharage na majivu, akaanza kutoa: moja, mbili, tatu, zote nyeusi na kavu, bila kutu.

"Nilijua umenitilia dawa ya fukusi," alimwambia binti yake. "Nikasema, mtoto huyu amejifunza wapi? Kila msimu nazirudisha. Na kweli, tangu zije sijaona fukusi."

Kasiano alipiga magoti uani, akakata mipira, akakaza bolti huku majirani wakimzunguka na mtungi wa bia ya ndizi. Alipofika kava la kushoto alinyoosha mkono nyuma, na mkono ukabaki mtupu.

"Mama, nilikuwa na tisa. Hizi nane."

"Ya tisa inabaki humu," alisema Christina, akifunika chungu. "Nikikupa zote utasema imekamilika. Nakujua. Hii utaifuata mavuno yajayo, na uje na mwanangu."

Majirani walicheka. Kasiano alicheka pia, kisha ikambidi ainame tena kwenye kava, maana macho yalikuwa yamejaa.

Mwezi wa nane Fiston aliipata bolti inayoingia barabara, akaileta Gashoho akijisifu. Kasiano alimshukuru, akampa chai na mkungu wa ndizi, akaiweka bolti juu ya kabati palipokuwa na tangi. Kava la kushoto bado limefungwa kwa mpira, na mavuno ya mwezi wa kwanza walikwenda tena Itaba, wakaiacha ile ya tisa chunguni.