Kitabu na Buku

Ule ulikuwa uchaguzi wetu wa kwanza, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Baba yangu mdogo aligombea kiti katika baraza. Alikuwa na jambo moja tu la kusema: ng'ombe waliotoka upande wa Kirolirwe walipitishwa kila siku katikati ya maharagwe yake kwenda majini, naye alitaka njia yao ihamishwe. Mpinzani wake alikuwa mwenye duka wa bondeni. Huyo hakuwa na maharagwe.

Mimi nilikuwa nimejifunza Kifaransa peke yangu, kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo. Kwa sababu hiyo karani alinipa tangazo la Kifaransa ili nilitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa mlimani, lisomwe kanisani. Lilisema kwamba asiye na hati ya utambulisho hatapiga kura. Hati hiyo, yenye jina la mtu, la chifu wake na alama za kodi, sisi sote tuliiita buku. Neno hilo nililiona la barabarani. Niliandika: "Kila mwanaume aje na kitabu chake." Nilikagua tahajia mara tatu.

Mlimani kwetu, kitabu ni kile cha Jumapili. Buku hukaa ndani ya kopo, chini ya nyasi za paa, na hutolewa askari akiiuliza.

Siku ya kura nilikuwa nimekaa mlangoni mwa ofisi. Nikawaona wanaume wetu wakishuka kwa mstari, wameoga, kila mmoja na Biblia au kitabu cha nyimbo kwapani. Wasiokuwa nacho walikuwa wameazima. Nilielewa kosa langu kabla wa kwanza hajafika mezani.

Huyo wa kwanza, mzee jirani yetu, aliweka Biblia mbele ya karani na kuweka mkono juu yake.

"Papa, hii iko nini?"

"Iko kitabu. Haujue kitabu?"

"Nauliza buku."

"Buku iko ku nyumba. Mulisema kitabu."

Watu wa bondeni waliuliza kama tumekuja kupiga kura au kubatizwa upya. Karani alisema sheria ni sheria, kila mtu arudi kuchukua buku. Kupanda mlima ni saa mbili, na mlango ulikuwa ufungwe alasiri. Vijana walikimbia. Wazee walibaki wamekaa kwenye majani, na kwa kuwa vitabu vya nyimbo vilikuwepo, waliimba.

Mwenye duka alishinda. Niliuliza kura zilivyokuwa. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko hesabu ya wazee walioimba.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuungama kwa baba mdogo. Alikuwa akipalilia, na karatasi yenye mwandiko wangu alikuwa ameshaonyeshwa.

"Sisi wote tunasema buku," alisema. "Uliandika kitabu sababu ya nini?"

Nilimweleza kwamba buku si Kiswahili kizuri.

Alipalilia mpaka mwisho wa tuta.

"Na zile ngombe, zinasikia Kiswahili muzuri?"

Juma zima tulichimbia miti ya uzio kuzunguka shamba lake. Kila aliyepita njiani, baba mdogo alimwambia akininyoshea kidole, "Huyu njo mwenye kitabu." Uzio ulikuwa imara. Ng'ombe walipoufikia waligeuka, wakapita upande wa pili, penye maharagwe yangu.