Njia Ndefu ya Kwenda Kanisani

Kama ulizaliwa pande zetu za Kosele na umri wako sasa unaanza na arobaini, basi baiskeli hukujifunza ukiwa umekaa. Ulijifunza ukining'inia. Mguu mmoja ulipita chini ya chuma cha juu, kwapa likakumbatia kiti, mwili wote ukapinda kama mtu anayechungulia kisimani, na ile baiskeli nyeusi nzito tuliyoiita blakimamba ikakupeleka ilikotaka yenyewe. Kovu langu liko kwenye goti la kushoto. Angalia lako.

Kwetu nyumbani blakimamba ilikuwa na maisha mawili. Katikati ya wiki ilibeba mizigo ya Baba kwenda sokoni: viazi vitamu, njugu, siku nyingine mbuzi aliyelia njia nzima kana kwamba anaitwa jina. Ijumaa jua likianza kushuka, Baba aliisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akatoa vumbi kwenye mnyororo, akafunga blanketi kuukuu juu ya keria. Hapo ikawa baiskeli ya Sabato. Kufikia saa hiyo nyoyo imeshaiva, mahindi na maharagwe yake yamefunikwa kwenye sufuria kwa ajili ya kesho, maji yamechotwa, na sisi watoto tumesuguliwa visigino kwa jiwe mpaka vinang'aa. Jua likizama, michezo ilikwisha. Hakuna mpira, hakuna mtoni, hakuna kupanda mipera. Mama alikuwa akisema, "Anayetaka kurukaruka, arukie moyoni."

Kilichobaki kuruhusiwa ni safari ya kwenda kanisani, na hapo Baba alipata mwanya. Barabara ya sokoni ingetufikisha upesi, lakini sikumbuki akiifuata Sabato mbili mfululizo. Leo tulipita kwenye mikaratusi, harufu yake ikituzibua pua. Wiki nyingine tulizungukia nyuma ya shule, kwenye mteremko uliokufanya ufumbe macho. Wiki nyingine tukashuka kijitoni, penye jiwe pana la kuvukia. Mama alikaa upandeupande kwenye keria, miguu yote kushoto, kitambaa cheupe kichwani. Mimi nilifuata na baiskeli ya baba mdogo, bado nikining'inia, dada yangu Atieno akiwa nyuma yangu anapiga kelele, "Breki! Breki!" kana kwamba breki zilikuwepo.

Mzee mmoja wa kanisa alimuuliza Baba mbele ya watu, "Ndugu, mbona kila Sabato unatokea upande mwingine?"

Baba hakuona aibu. "Nyar Seme wiki nzima anatembea nyuma ya jembe," akasema. "Leo namtembeza mimi."

Nyar Seme, binti wa Seme, ndivyo alivyomwita Mama, kwa jina la kwao, kama wanaume wengi wa kwetu wanavyowaita wake zao. Na njia nzuri, kwa Baba, haikuwa fupi wala laini. Ilikuwa ile ambayo Nyar Seme hatalazimika kushuka mara nyingi. Maana abiria wa baiskeli enzi hizo alikuwa na adabu zake. Mkifika mlimani aliteleza chini mwenyewe bila kuambiwa, akatembea nyuma akisukuma keria kwa kiganja. Mkifika juu alijirusha akakaa, baiskeli ikiwa bado inakwenda. Hakuna aliyesema neno. Mwendeshaji hakugeuka wala hakusimama.

Adabu hiyo ndiyo iliyomponza Baba. Sabato moja tulipitia kijitoni. Mama alishuka kama kawaida, akavua viatu avuke, kisha akaketi kwenye jiwe kuvivaa tena. Baba tayari alikuwa mlimani anaimba, Biblia imefungwa kwenye keria kwa utepe wa mpira. Akaona baiskeli nyepesi, akajua Nyar Seme anatembea nyuma. Kule juu akapunguza mwendo ili Mama aruke kwenye keria, akasubiri kidogo, akaamini ameruka, akaenda zake akimsimulia somo la siku hiyo.

Tulipomfikia Mama, Atieno alitaka kumwita Baba. Mama akamziba mdomo. "Mwacheni," alisema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Tuone atafika na mke gani."

Ng'ambo ya pili alikuwa Odoyo, rika langu, akichunga ng'ombe. Kwao walikuwa Wakatoliki, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku ya malisho, na kila tulipopita na njia yetu mpya alituchokoza: "Nyinyi watu wa Sabato, mpaka leo hamjui kanisa lenu liko wapi?" Siku hiyo alikuwa anagaagaa kwenye nyasi. "Baba yenu yuko kule juu anahubiria keria!"

Kanisani, tulivyosimuliwa, Baba aliegemeza baiskeli, akageuka, akanyoosha mkono amshushe mkewe kwa heshima, mkono ukakutana na Biblia. Shule ya Sabato ilichelewa kuanza kwa sababu ya kicheko. Tangu siku hiyo, kila kona, kila mteremko, Baba aliuliza bila kugeuka, "Nyar Seme, uko?" Na Mama akajibu, "Niko." Ikawa mazoea hata nyumbani, Baba uani, Mama jikoni. Uko? Niko. Tulikua tukiyasikia hayo kama wengine wanavyosikia saa ya ukutani.

Baba alitutoka miaka mingi iliyopita. Mimi nilimaliza sekondari, nikashikwa na ugonjwa wa kutotulia, nikakaa huku na huku, hatimaye nikatua Migori, ninakouza mitumba. Jumapili hufunga kibanda nikapanda baiskeli. Barabara ya Isebania nawaachia malori. Mimi hushika vichochoro vya nyuma ya soko mpaka mtoni, au njia za katikati ya miwa upande wa Awendo, kijani kibichi kila upande na harufu ya sukari inayoungua kwa mbali. Miguu ikiwa na nguvu huelekea Uriri mpaka Ogwedhi, ambako siku ya mnada wa ng'ombe Mjaluo, Mkuria na Mmasai hubishana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja amekitengeneza mwenyewe.

Siku hizi Migori kuna vijana wa baiskeli pia. Wana helmeti, glavu, nguo zinazobana mpaka unamhurumia mtu, na simu imefungwa kwenye usukani. Mmoja alinikuta nimeketi kivulini njia ya Uriri.

"Budaa, umepiga kilomita ngapi?"

"Sijahesabu. Nimekula muhogo mara mbili njiani."

"Sasa kama simu haijarekodi, ni kama hujaenda!"

Nikamwambia mapaja yangu yamerekodi. Alicheka, akaniuliza njia ya kurudi mjini, kwa sababu simu ilikuwa imezima.

Mwaka jana Mama alianguka kwenye pikipiki akienda kanisani. Hakuvunjika, ila aliapa hatapanda tena. Kutembea mpaka kule hawezi. Kila Sabato Atieno, anayeuza samaki Homa Bay na kulala kwa Mama wikendi, alinipigia akiwa na habari ileile: "Amevaa tena. Amekaa mlangoni na kitambaa chake cheupe mpaka saa za ibada zikaisha. Kisha akavua." Habari hiyo ilinikalia vibaya. Nilimpigia Mama nikasema nitakodi gari.

"Gari likwame matopeni na mimi ndani?" akasema. "Ingekuwa ni baiskeli ya babako, ningeenda."

Atieno alidhani ni mzaha. Mimi niliishusha blakimamba darini kwa Mama, nikabadilisha cheni na breki, nikachomelea keria upya. Lakini baiskeli haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa njia. Mama hawezi tena kurukaruka. Akianguka mara ya pili, kile kiti cha mlangoni ndicho kitakuwa kanisa lake.

Kwa hiyo Jumapili zangu nikazihamishia Kosele. Barabara ya sokoni ina lami sasa, na pikipiki zinapita pande zote mbili kama nyuki waliochokozwa. Mikaratusi imekatwa, pamegawanywa viwanja, kila mtu na ua wake. Nyuma ya shule mvua imechimba korongo linaloweza kumeza ng'ombe. Palibaki kijitoni. Nikashuka, na lile jiwe nikalikuta palepale, limelainika, maji yakilizunguka. Ila upande wa pili kulikuwa na waya, na nyuma ya waya nyasi za nepia zilizonipita urefu. Mtu mwenye panga akainuka katikati yake, kidevu chake kimeanza kuota mvi. Akaniangalia, akaiangalia baiskeli.

"Omera, ndugu yangu," akasema Odoyo, "mpaka leo hamjui kanisa lenu liko wapi?"

"Tunajua. Ni wewe umelizungushia waya."

"Hii si njia. Hii ni nepia."

"Ilikuwa njia ulipokuwa unalala hapa ng'ombe wakimaliza mahindi ya watu."

"Usiniharibie jina, nina wakwe siku hizi." Kisha akaacha utani. "Unataka kupitisha nini?"

"Mama. Pikipiki hapandi tena."

Akashusha panga. "Yule aliyeachwa kwenye jiwe?"

"Huyohuyo."

Akatazama nepia yake kwa muda, kama mtu anayeagana nayo. "Nitakata upana wa baiskeli," akasema. "Lakini siku hiyo nitasimama hapa nihakikishe umembeba yeye, si keria tupu."

Sabato iliyofuata Mama alitoka na kitambaa chake cheupe, akalikuta blanketi juu ya keria. Alilibonyeza kwa kiganja, kisha akakaa, miguu yote kushoto. Mlima wa kwanza aliteleza chini bila kuambiwa. Kule juu nilisimama kabisa apande, jambo ambalo Baba asingelifanya. Kijana wa pikipiki akapunguza mwendo kando yetu. "Mzee, nipe huyo mama nimfikishe saa hii hii!"

"Fika wewe kwanza," Mama akamwambia.

Penye jiwe alivua viatu, akavuka akinishika bega, na nilibaki nimesimama palepale mpaka alipovivaa. Odoyo alikuwa ameshafungua waya, kofia mkononi, kama mkaribishaji wa kanisani. "Karibu, Mama."

"Odoyo, bado hujabatizwa vizuri?"

"Nilibatizwa mara moja, Mama, ikashika. Nyinyi ndio mnarudia."

Tulimwacha anacheka. Mlima wa pili tuliukwea kwa miguu, na kule juu Mama akapanda tena; njia ikashuka taratibu, nepia iliyokatwa ikinukia pande zote mbili, upepo ukiingia kwenye shati. Nilifikiria jinsi tulivyokuwa na baiskeli mbili kwa jamaa nzima, na bado tulikuwa na nafasi ya kupotea makusudi. Siku hizi kila boma lina injini, watu wanafika kabla ya wimbo wa kwanza, na ukiwauliza walichokiona njiani watakuonyesha simu. Siwalaumu. Labda nao wana njia zao ndefu ambazo sisi hatuzioni. Zetu nyingi zimezibwa, ila hii moja ilikuwa chini ya magurudumu yangu, na nilikuwa nimetosheka.

"Mbona huulizi?" Mama akasema nyuma yangu.

"Niulize nini?"

"Babako angekuwa ameshauliza."

Sikugeuka. "Nyar Seme, uko?"

Akanichapa kofi la mgongo kwa utovu wangu wa adabu. Kisha nikasikia mkono uleule ukishika shati langu.

"Niko," akasema. "Na tukirudi, usinipitishe njia fupi."